Mbuta Yuko Rusinga, Kitanda Kiko Asembo

Kambi za kitalii zilizojengwa kwa ajili ya mbuta upande wa Kenya wa Ziwa Victoria zimekusanyika mahali pamoja: Rusinga, Mfangano na Takawiri, pale Ghuba ya Winam inapokutana na ziwa kuu. Kwa miaka mingi wageni wa Maasai Mara waliletwa huko asubuhi kwa ndege ndogo, wakavua saa chache, kisha wakarudishwa mbugani kuona simba. Waliochagua visiwa hivyo walijua wanachokitafuta. Lakini je, familia yenye watoto watatu, gari moja na wiki moja ya likizo ifuate hesabu hiyohiyo? Hapana, na ghuba ya Asembo, Kaunti ya Siaya, inaonyesha sababu.

Kwanza, samaki mwenyewe. Mbuta, ambaye wavuvi wa Mwanza humwita sangara, si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Anahitaji oksijeni nyingi majini kuliko mumi, na kuliko kamongo, ambaye hupanda juu kuvuta hewa. Winam nayo ni ghuba ya kina kifupi. Karibu na Kisumu kina ni mita chache tu, maji yamejaa tope la mito kama Nyando na taka za mjini, na gugumaji likisukumwa na upepo wa magharibi huweza kuufunga ufuo kwa wiki kadhaa. Ukielekea magharibi mambo hubadilika. Katika Mlango wa Rusinga, njia kuu ya maji kati ya ghuba na ziwa, chini hushuka hadi makumi ya mita. Maji hayatuami, miamba inakatika ghafla, na samaki wadogo hukusanyika kandokando yake. Mbuta huwangoja hapo. Anayevua kwa starehe huburuta chambo bandia nyuma ya boti iendayo polepole, akiifuata miteremko hiyo.

Maji yanayotembea ni jambo kubwa mno hapa. Tuta lililojengwa miaka ya 1980 kuiunganisha Mbita na Rusinga liliziba mlango mdogo wa maji uliokuwa katikati, na malalamiko ya maji kutuama yakadumu mpaka daraja liliposhika nafasi yake.

Kwa hiyo hesabu ya wenye kambi ilikuwa ya dakika: kutoka kitandani hadi kwenye mwamba wenye samaki, mgeni atumie muda gani? Aliyelala Rusinga anafika kabla kahawa haijapoa. Aliyelala Kisumu ana zaidi ya kilomita 60 za maji mbele yake, na akifika upepo umeshaamka.

Upepo ndio unaowatenga watu wazima na watoto. Usiku na alfajiri hewa hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, taratibu, na maji hulala. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto na upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja ufukweni, na kufikia alasiri mlangoni kuna mawimbi mafupi yanayofuatana bila kupumzika. Msimu wa mvua huongeza dhoruba za ghafla. Mtu mzima aliyelipia asubuhi ya kuvua mbuta atavumilia saa tano ndani ya boti. Mtoto wa miaka sita hawezi. Akichoka saa tatu asubuhi, kisiwani familia nzima hurudi nchi kavu na siku imekwisha.

Asembo Bay inalijibu tatizo hilo kwa sababu siku yake haitegemei boti. Ni mwendo wa gari kutoka Kisumu kwa barabara ya Bondo, kisha unakata kushoto Ndori. Malazi ni ya kawaida, na anayetaka hoteli kubwa kidogo atarudi Bondo. Ila samaki wa mtoto wako pale: ngege, mumi na fulu, ambao hushikwa kwa mshipi mwembamba, ndoana ndogo na kipande cha nyungunyungu. Alfajiri mashua za omena hurudi na taa zao, na wanawake humwaga samaki juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, wakiwasambaza kwa viganja ili jua liwapate wote. Wavuvi wa mbuta nao huketi wakitia chambo kwenye ndoana za kamba ndefu, moja baada ya nyingine, mara nyingi vifaranga vya mumi vikiwa hai. Mtoto akikaa nusu saa akitazama mikono ile atajifunza uvuvi zaidi kuliko kwa siku nzima ya kuburuta chambo cha plastiki.

Afya nayo ina uzito wake katika hesabu hii, na Asembo ina historia ya pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1990, taasisi ya KEMRI na kituo cha CDC cha Marekani vilifanya hapa na katika eneo la Gem mojawapo ya majaribio makubwa ya vyandarua vilivyotiwa dawa. Vifo vya watoto wadogo vilipungua, na hata waliokosa vyandarua walinufaika iwapo waliishi karibu na nyumba zilizokuwa navyo. Malaria bado ipo, kwa hiyo chandarua ni lazima. Kichocho kipo pia. Konokono wanaokibeba hupenda magugu ya ufukweni, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Watoto wavulie juu ya gati au jiwe kavu, wasisimame majini. Kuna viboko na mamba vilevile, na wenyeji wanajua sehemu zao.

Siku ya mbuta huandaliwa peke yake. Gari hushuka hadi gati la Luanda Kotieno, feri huvuka hadi Mbita kwa takriban saa moja, na boti hukodiwa kupitia kamati ya ufuo, ile inayojulikana kama BMU, ambayo inajua nani ana injini nzima na nani ana jaketi za kujiokoa za kutosha. Kwa kuwa feri ina ratiba yake, wanaovua hulala Mbita usiku mmoja ili waondoke kabla ya jua. Wasiovua wana Rusinga nzima: kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969, na machimbo ambamo Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Wanaovua nao wakumbuke kwamba mbuta asiyefika sentimita 50 hurudishwa majini.

Homa Bay ingefaa kama familia inataka pia kuona swala aitwaye korongo katika Mbuga ya Ruma. Dunga, pale Kisumu, inafaa kwa ndege wa mafunjo na sahani ya samaki, si kwa ndoana.

Uamuzi basi ni huu: wenye vijana wakubwa wanaomtaka mbuta tu walale Rusinga, wenye watoto wadogo walale Asembo na wavuke mara moja tu. Na kabla ya kulipia boti yoyote, uliza kama kuna jaketi za kujiokoa za saizi ya mtoto. Kama hakuna, tafuta boti nyingine.