Mustang ya zamani na lupango za Kasulo

Wandugu, hao wanaotengeneza Mustang ya 1968 nyumbani mbele ya kamera nawasifu kwa jambo moja: wanafungua kila buloni na kuonyesha kutu bila haya. Lakini siku hizi wengi wanatoa motere ya V8, wanaweka ya umeme, wanajisifu kwamba wameokoa hewa. Hapo njo video inanyamaza. Bateri imetoka wapi?

Hapa Kasulo, tangu 2014, watu wanachimba kobalti ndani ya lupango zao, hata chini ya vyumba. Mimi ni mtu wa kilimo: udongo wa chini ukishamwagwa juu, mahindi hayasamehe.

Sisemi waache umeme. Bateri ya LFP haina kobalti, ya NMC inayo. Kutaja uliyoweka ni sentensi moja tu.

Mustang ya filamu Bullitt iliuzwa Januari 2020 kwa zaidi ya dola milioni 3, na rangi yake iliyochakaa vilevile. Historia njo iliipa bei. Basi, na bateri pia ina historia: ihesabiwe.