Sentensi Iliyoishia kwa "kwa"

Bibi mmoja wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo alihojiwa kuhusu nyumba ya marehemu babu yake. Alianza kama wazee wa pwani wanavyoanza: akamshukuru Mungu, akataja ukoo, akawarehemu waliotangulia, ndipo akaugusa mlango. Kijana aliyemhoji aliandika kila neno. Ripoti ilipochapwa, habari za bibi ziliishia hivi: "na mlango huu wa kuchonga aliununua kwa".

Kwa nani? Kwa shilingi ngapi? Mkuu wa ofisi alimkaripia kijana kwa uvivu, na kijana, masikini, akakaa kuandika upya. Maneno yakakatika tena palepale. Ndipo nikaitwa.

Kazi hii ya kutafuta neno lilipokatikia haina jina wala sherehe. Mwashi husifiwa kwa nyumba, sisi hatusifiwi kwa sentensi iliyofika mwisho wake. Lakini ni ufundi, na nauhusudu kama ninavyomhusudu fundi wa majahazi pale ufukweni. Maji ameyaona kwenye ngama, ila hakalafati penye maji. Anajua yameingilia kwingine, hivyo anatembeza kidole ubaoni, mshono baada ya mshono.

Mshono wangu wa kwanza ulikuwa kuhesabu. Kwenye ripoti, habari za bibi zilikuwa na herufi 255. Za jirani yake, 255. Za msimamizi wa msikiti, 255 vilevile. Watu watatu hawanyamazi kwa hesabu moja. Baiti moja ina biti 8, nazo hutoa namba 256, kuanzia 0 hadi 255, na mpaka huo wa zamani bado unaishi ndani ya programu nyingi. Access, programu ya kutunza majedwali iliyotumika hapa, iliyotoka mwaka 1992, ina sehemu ya maneno mafupi isiyozidi herufi 255, na ya maneno marefu, ambayo kabla ya toleo la 2013 iliitwa Memo.

Nikafungua jedwali lenyewe. Bibi alikuwamo mzima, hadi dua ya kufungia. Basi hakukatwa alipoandikwa, alikatwa njiani. Fundi mchanga hapa hukimbilia kupanua kisanduku kwenye karatasi, na kweli kisanduku kisichoruhusiwa kurefuka huficha maneno. Lakini kisanduku hukata kwa mistari: mwenye maneno mapana na mwenye membamba huishia mstari uleule, kwa hesabu tofauti za herufi. Kikatacho kwa hesabu moja ni kwiri, yaani ombi linalochota habari kutoka jedwalini.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliomba habari zipangwe kwa makundi ya mitaa, na maelezo marefu yakaingizwa humohumo kwenye kupanga. Ili ilinganishe, programu huchukua herufi 255 za mwanzo na kuziacha nyingine. Hufanya hivyo hivyo ikiambiwa iondoe yanayojirudia, au iunganishe majedwali mawili kwa UNION badala ya UNION ALL. Hata alama ndogo ya kupamba maandishi, @ au >, ikiwekwa kwenye sehemu hiyo, inatosha kukata. Niliyaondoa maelezo kwenye kupanga, nikaacha namba za nyumba peke yake, kisha mwishoni nikayachukua maelezo kutoka jedwalini kwa namba hizo. Dakika kumi. Kutafuta kulichukua siku mbili.

Aliyeweka mpaka ule hakuwa na nia mbaya, ila hakuwahi kumsikiliza mzee wa huku. Kwetu herufi 255 za mwanzo ni salamu na nasaba, kiini hakijatajwa bado. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903, angefungwa mdomo kabla hajaanza.

Nilimpelekea bibi ripoti mpya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo mmeniachia ulimi?"

Nikamsomea. Babu aliununua mlango kwa mjomba wake, wakakosana kwa bei, na hawakusemezana hadi mjomba alipozikwa. Aliyeubeba mlango hadi nyumbani alikuwa mtoto wa mjomba huyohuyo, naye ndiye aliyekuja kuwa babu mzaa mama wa bibi.

Ukiletewa ripoti leo, tafuta maelezo marefu kuliko yote, uhesabu herufi zake. Zikiwa 255 kamili, usitie sahihi.