Wanaobaki Sikukuu Ikipita

Ramadhani ikiingia, nyumba ya wazee ya Welezo, Unguja, hupata wageni wa kila aina: viongozi, jumuiya, wafanyabiashara, wakija na tende, mchele na sukari. Idi ikishapita, ugeni hupungua. Wanaobaki ni wahudumu, na pongezi zangu ni zao. Kazi yao ni kujua nani meno yamemwisha, muhogo wake wa nazi upondwe. Nani asipocheza bao baada ya alasiri hununa hadi usiku. (Na usidhani mzee wa bao atakuonea huruma.) Tangu 2016 Zanzibar inawalipa pensheni jamii wenye miaka 70 na zaidi. Jambo jema, ila pesa haipigi soga. Msomaji, nenda kawatembelee hata mfungo tano, mwezi usio na sikukuu.