Nani Alitangulia Kuchota?

Sheria ya maji katika majimbo ya magharibi mwa Marekani inaweza kuelezwa kwa sentensi moja: aliyetangulia kuchota ndiye mwenye haki. Haijalishi mto unapita kando ya shamba la nani. Kinachoulizwa ni tarehe: ulianza kuyatumia maji haya lini? Mwaka wa ukame ukija, mwenye tarehe ya zamani anapata fungu lake lote, na wa mwisho anabaki akiangalia mfereji mkavu. Yeyote aliyewahi kupanga mtungi kwenye foleni alfajiri anaielewa sheria hii bila wakili. Ila kwenye foleni ya mitungi huwa kuna mashahidi. Watu wanajua nani alifika kabla ya nani. Huko Magharibi ya Marekani, mashahidi waliandika vitabu.

Nimekuwa nikivisoma vitabu hivyo tena, na safari hii nina swali moja tu: hadithi inaanzia wapi? Kwa sababu mwandishi akishachagua ukurasa wa kwanza, amekwisha kuchagua mwenye maji.

Kwa miaka mingi, kitabu nilichompa kila aliyeniuliza habari za maji ya Marekani kilikuwa Cadillac Desert cha Marc Reisner, kilichotoka mwaka wa 1986. Bado nakipenda. Reisner anaandika kama anayesimulia kesi ya mauaji: mabwawa yaliyojengwa kwa hesabu za kubabaisha, wanasiasa wakigawana mito kama nyama ya harusi, wakulima matajiri wakinyunyizia mashamba maji yaliyogharimiwa na mlipa ushuru. Sura yake kuhusu bonde la Owens, mashariki mwa California, haisahauliki. Fred Eaton, aliyewahi kuwa meya wa Los Angeles, anaingia bondeni kununua ardhi na haki za maji, na wauzaji hawaambiwi wazi maji yataelekea wapi. Mhandisi William Mulholland anajenga mfereji wa kilomita 375, na Novemba 1913 maji yanafika jijini. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 ziwa Owens limekauka, na wakazi wa bonde wameanza kulipua mfereji kwa baruti.

Ni simulizi ya wizi, na inasisimua. Lakini hebu tazama ni nani ameibiwa. Ni wakulima walowezi, ambao wao wenyewe walianza kufika bondeni miaka ya 1860. Filamu Chinatown ya mwaka wa 1974, iliyoandikwa na Robert Towne, inakichota kisa hicho hicho, inakisogeza hadi miaka ya 1930, na kukifanya hadithi ya mpelelezi, matajiri na ufisadi. Ni filamu kali, sibishi. Lakini kabla ya mkulima, haimwoni mtu yeyote.

Bonde lile lina jina la kale. Wapaiute huliita Payahuunadü, yaani mahali maji yanapotiririka. Kabla Los Angeles haijawahi kuona kiu, walikuwa wakizuia vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Sierra Nevada na kuyaongoza maji kwa mifereji hadi kwenye nyanda zenye mbegu na mizizi ya kuliwa. Palikuwa na msimamizi wa maji, aliyechaguliwa na watu. Mwanaanthropolojia Julian Steward aliandika habari hizi mwaka wa 1930, na kichwa cha makala yake kinanishangaza hadi leo: unyunyizaji bila kilimo. Alikubali kwamba mifereji ilikuwepo na kwamba kazi ilifanywa kwa utaratibu, kisha ati hicho si kilimo, kwa kuwa mimea ilijiotea yenyewe. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ila neno lake liliingia vizuri mno ndani ya sheria. Sheria inamtambua anayeyatumia maji kwa manufaa, na manufaa yaliyohesabiwa yalikuwa shamba, mgodi na mji. Mtu aliyetangulia kuchota akaonekana hajachota.

Mwaka wa 1863 wanajeshi waliwaswaga mamia ya Wapaiute kwa miguu hadi Fort Tejon, na walowezi wakaikuta mifereji imekwisha kuchimbwa. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, akapona yeye.

Mwandishi aliyekaribia kuliona jambo hili mapema ni Mary Austin. The Land of Little Rain (1903) ni kitabu chembamba kuhusu nchi hiyo hiyo, kilichotoka miaka kumi kabla ya maji kuondoka. Austin aliishi bondeni, na mumewe alikuwa miongoni mwa waliopinga mpango wa jiji. Anajua ni mnyama yupi anafuata njia ipi kwenda kunywa. Anajua jinsi majirani wanavyogeukiana maji yakipungua mferejini. Tena ana sura nzima juu ya Seyavi, mwanamke Mpaiute msusi wa vikapu, aliyemlea mwanawe peke yake baada ya vita na wazungu. Seyavi ana akili, ana heshima, ana sanaa yake. Lakini ziweke sura hizo mbili kando kwa kando. Kwenye sura ya mifereji, wanaogombania haki ni walowezi. Kwenye sura ya Seyavi kuna vikapu, uzee na kumbukumbu. Austin anampa Mpaiute roho, anamnyima mfereji.

Ndiyo maana Postcolonial Love Poem (2020), diwani ya Natalie Diaz iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, ilinivuruga. Diaz ni Mmojave, mzaliwa wa Needles, kando ya mto Colorado, mto unaotegemewa na watu wapatao milioni 40. Katika shairi refu liitwalo The First Water Is the Body, anaeleza kwamba jina la watu wake, kwa lugha yao, limefungamana na mto unaopita ndani ya mwili. Kisha anamkataza msomaji kuliita jambo hilo tamathali ya usemi. Mimi nilikuwa nimeshaliita. Ndivyo tulivyofunzwa: ukiona mto ndani ya mwili, andika "istiari" pembeni, endelea mbele. Diaz anajua tutafanya hivyo. Mto ukishakuwa pambo la lugha, unaweza kugawanywa bila kumkata mtu.

Na uligawanywa kweli. Novemba 1922, wajumbe wa majimbo saba walitia sahihi mkataba huko New Mexico, wakautengea upande wa juu wa mto na upande wa chini ekari-futi milioni 7.5 kila mmoja kwa mwaka. Ekari-futi moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, takriban lita milioni 1.2. Hakuna kabila hata moja lililokuwa mezani, ingawa Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua tangu 1908, katika kesi ya Winters, kwamba ardhi waliyotengewa makabila inakuja na haki ya maji. Mwaka wa 2023 mahakama hiyo hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mkataba wa 1868 na Wanavajo hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji.

Shairi litaijibu vipi hukumu kama hiyo? Hapa nabishana na Diaz kidogo. Mwili haupimwi kwa ekari-futi, na asiye na kipimo huondoka mezani mikono mitupu. Makabila yanayorejesha maji yao leo yanatumia mawakili, ramani na tarehe. Lakini tazama kichwa cha shairi. Hilo neno "kwanza" ni la mahakama pia. Diaz ameliokota kwenye sheria ya aliyetangulia, akalirudisha nyuma kupita tarehe yoyote iliyowahi kuandikwa kwenye daftari.

Cadillac Desert bado nitampa anayeniuliza. Sasa namwomba aanze na Diaz, apitie kwa Austin, ndipo amfikie Reisner. Ukisoma kwa mpangilio huo, Eaton anapoingia bondeni na pesa zake, unajua kwamba anaowalipa ni wenye hati tu. Waliochimba mifereji hawamo kwenye ukurasa huo, na unajikuta unawatafuta.