Mwandishi Anayeitwa Yeye

Mpwa wangu aliniletea juzuu moja ya manga ya Kijapani, Death Note, toleo la Kifaransa, kona zimekunjika kwa kuzunguka mikononi mwa vijana wa mtaa. Nikaifungua kama bede (kitabu cha katuni) nyingine yoyote. Akacheka: "Mjomba, umeanzia mwisho!" Manga husomwa kutoka kulia. Nikaigeuza, nikakaa barazani, upepo wa ziwa ukinipeperushia kurasa mpaka giza likanikuta.

Mtunzi anajiita Tsugumi Ohba. Ni lakabu. Hergé, mtunzi wa bede ambaye sisi Wakongomani tulimjua kabla ya hawa Wajapani, naye alijificha nyuma ya lakabu, ila kila mtu anajua kwamba ni Georges Remi aliyegeuza herufi za mwanzo za majina yake. Ohba hajajitokeza. Hata kama ni mwanamume au mwanamke haijatangazwa, na Mfaransa akitaka kumtaja hukwama kati ya "il" na "elle". Kiswahili hakina shida hiyo: yeye, basi.

Na yeye huyu ndiye aliyetunga kisa ambamo ukijua sura ya mtu na ukaandika jina lake daftarini, anakufa baada ya sekunde 40. Sijui kama alikusudia utani huo. Mimi nilicheka.

Kinachonishika hasa ni namna anavyojibana mwenyewe. Chukua ule ukurasa wa krispi. Light, kijana muuaji, amewekewa kamera 64 chumbani mwake. Anakaa mezani akifanya masomo, mkono ukiingia na kutoka kwenye mfuko wa krispi za viazi. Humo mfukoni kuna televisheni ndogo na kipande cha karatasi ya daftari. Wanaomchungulia wanaona mwanafunzi mwenye njaa. Hakuna bastola wala mbio, ni mtu anakula tu, nami nilikuwa nimebana pumzi. Mtunzi mvivu angezima umeme (kwetu hapa Kalemie hilo lingeaminika kabisa) kamera zikafa. Ohba anaziacha zote zikifanya kazi, kisha anatafuta upenyo.

Kuanzia mwishoni mwa 2003 hadi 2006 alifanya hivyo karibu kila wiki katika jarida la Shonen Jump, sura 108. Hachori picha za mwisho. Hutengeneza rasimu, kisanduku kwa kisanduku, maneno yote ndani. Mhariri akishaikubali, inakwenda kwa Takeshi Obata, ambaye huamua nyuso ziweje na jicho litazame kutoka upande gani.

Baadaye wawili hao walitoa Bakuman, kisa cha vijana wawili, mmoja mtunzi na mmoja mchoraji, wanaotumia lakabu moja. Ndani ya juzuu zake wameweka rasimu za Ohba kando ya kurasa zilizokamilika. Hizo nilizitazama zaidi kuliko hadithi yenyewe. Mistari ya haraka, watu wasio na nguo za maana, lakini kila mmoja yuko mahali pake, na maneno yameshakaa.