Senema za Ngome Kongwe na Ushahidi wa Historia

Tangu mwaka 1998 Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, linaloitwa pia Tamasha la Nchi za Jahazi, huonyesha senema zake uwanjani ndani ya Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno. Mji wenyewe ni mdogo, na filamu nyingi zinazoonyeshwa hapo ni za watu wasiokuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Sisi tulio Maskati, Dubai au London tuna haja ya kuzipima filamu hizi kama tunavyopima hati: nani anasema, na kwa lugha gani?

Nauliza hivyo kwa sababu ya Africa Addio, filamu ya Wataliani Jacopetti na Prosperi ya mwaka 1966, ambayo vipande vyake vimezunguka sana majumbani mwetu. Zanzibar ya Januari 1964 imepigwa picha kutoka angani. Twaona watu wamepangwa safu, twaona maiti. Kwa familia zilizopoteza wazee na watoto, picha zile ni nzito, wala sizidharau. Lakini katika sehemu ile hatumsikii Mzanzibari hata mmoja. Msimulizi ni mgeni, na filamu nzima yaelekea kutuaminisha kwamba Mwafrika hawezi kujitawala. Mwenye kuitumia kama ushahidi hana budi kukumbuka kwamba shahidi huyu alikuja na hukumu yake mkononi.

Amil Shivji ameshika njia nyingine. Filamu yake T-Junction, iliyofungua tamasha la 2017, yamhusu Fatima, binti aliyefiwa na baba Mhindi ambaye hakuwa karibu naye. Mwaka 2021 akaitoa Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Hapa tuko Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anaikimbia ndoa yake. Anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwimbaji wa taarabu, na anampenda Denge, kijana anayepigania uhuru. Watu wanasema Kiswahili, na kamera iko chini pamoja nao, vichochoroni na vyumbani. Mapenzi ya watu wa kabila mbali mbali, ambayo masimulizi ya koo zetu huyapita kimya, yamewekwa mbele ya macho yetu bila ya kejeli. Hilo ni jambo kubwa.

Hata hivyo, kwa jicho la mwanahistoria, mapenzi yametangulia na siasa imebaki nyuma kama kivuli. Mtazamaji kijana aliyezaliwa Ughaibuni atatoka akijua kwamba Waingereza walichukiwa, lakini hatojua Vita vya Ng'ombe vya 1951, wakati watu wa Kiembe Samaki na jirani zao walipopambana na serikali. Wala hatojua kwamba mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishtakiwa kwa uchochezi kwa yale yaliyoandikwa katika gazeti la Al-Falaq, wakahukumiwa, na Jumuiya ikasusia Baraza la Kutunga Sheria. Upinzani ule ulikuwa na mikono mingi: ya wakulima, ya wachukuzi, ya waandishi wa magazeti. Tukiuona kwa mtu mmoja tu, tutarithi tena ile hesabu ya kwamba kabila fulani lilipigania nchi na jingine lilikaa likitazama.

Lawama hii siitii yote kichwani mwa mtengenezaji. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba Zama za Siasa zote, na riwaya aliyoifuata ina mipaka yake. Yeye ametumia alichokipata kwa maandishi. Sisi tunazo barua, picha za harusi, kanda za sauti za wazee, na tumezifungia makabatini huku tukilalamika kwamba hatusimuliwi. Anayeficha hati zake hana haki ya kumlaumu aliyeandika bila ya kuzisoma.

Basi, wenye kumbukumbu wazinakili, wazipe tarehe na majina, na wawafungulie mlango vijana wanaotengeneza senema, wawe wa Unguja, Pemba au Dar es Salaam. Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1954 wamebaki wachache mno.