Kalamu Nyekundu

Miaka yote niliyofundisha chuo cha ualimu, sentensi ya mwanafunzi iliyopingana na ile aliyotangulia kuiandika niliikata kwa kalamu nyekundu bila kusita. Ndiyo maana mzozo juu ya tamthilia ya Antigone, ya Sophocles wa Athens, iliyotungwa yapata mwaka 441 kabla ya Kristo, unanigusa.

Antigone anamzika kaka yake, Polyneices, ingawa mfalme Creon amekataza. Mbele ya mfalme anajitetea kwa sheria za miungu zisizoandikwa. Lakini anapopelekwa kufungiwa pangoni afe, anasema jingine: asingeivunja amri kwa ajili ya mume wala mtoto, maana hao hupatikana wengine, ila wazazi wake wamekwisha kufa, na kaka mwingine hatazaliwa.

Goethe, mshairi wa Kijerumani, alichukizwa. Mwaka 1827 alimwambia Eckermann kwamba angefurahi mtaalamu athibitishe kuwa maneno hayo si ya Sophocles. Mhariri Mwingereza, Richard Jebb, naye aliyatilia shaka. Hoja zao si za kubeza. Maneno hayo yanapingana na utetezi wa kwanza, tena yanafanana mno na kisa cha Herodotus cha mwanamke wa Uajemi aliyeruhusiwa kuokoa jamaa mmoja, akamchagua kaka. Lakini kaka wa yule alikuwa hai. Polyneices ni maiti.

Hata hivyo, Aristotle, aliyeandika karne moja baadaye, aliyanukuu katika kitabu chake juu ya ufasaha wa kusema. Yamkini waigizaji waliyachomeka kabla yake. Lakini anayetaka kufuta ndiye apaswaye kuthibitisha, na kuchukizwa si ushahidi.

Mimi nayaacha. Tazama anasema na nani: si na Creon tena, bali na marehemu wake, na kaka yake kwa jina. Kwa mfalme alihitaji sheria. Kwa kaka anahitaji kusema kwa nini yeye hana mbadala. Kama hoja, ni dhaifu. Kama maneno ya binti anayekwenda kufa, nayaamini.

Siku hizi najiuliza ni sentensi ngapi nilizozikata chuoni kwa kosa la kupingana, kumbe mwandishi alikuwa amegeuka kusema na mtu mwingine.